Themu mtoto ya WordPress: mwongozo kamili wa kubadilisha mwonekano wa tovuti bila kupoteza kazi yako

Kilio kinachojirudia ni kilekile. Mtu amekesha akirekebisha rangi na maandishi ya tovuti ya shule, duka au kikundi, kisha asubuhi moja anabofya kitufe cha kusasisha themu (kifurushi cha faili kinachoamua mwonekano wa tovuti) na kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa siku ya kwanza. Hapo hakuna hitilafu. WordPress, programu inayoendesha tovuti, inaposasisha themu hufuta folda yote ya zamani na kuweka mpya, hivyo chochote ulichoandika ndani ya folda ile kinakwenda nayo.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wengi wakishapatwa na hili huacha kusasisha kabisa. Hilo ni baya zaidi, kwa sababu masasisho ndiyo yanayoziba mianya ya usalama. Dawa yake ni themu mtoto: folda ndogo yako mwenyewe inayorithi kila kitu kutoka kwa themu mama na kubeba tu yale unayotaka yawe tofauti. Mama akisasishwa, mtoto haguswi.

Mfano tutakaotumia ni tovuti ya kikundi cha wakulima wa zabibu wa Hombolo, jijini Dodoma. Wateja wao wengi wanaifungua kwenye simu, kwa bando, na mara nyingi wakiwa nje juani. Themu mama ni Twenty Twenty-One, na themu mtoto tutaiita Zabibu.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye RAM ya GB 4 au zaidi. Simu haitoshi kwa kazi hii.
- XAMPP, ili WordPress ifanye kazi kwenye kompyuta yako bila intaneti.
- WordPress yenyewe kutoka wordpress.org, pamoja na themu mama.
- Kihariri cha msimbo: Notepad++ au Visual Studio Code. Usitumie Word hata kidogo, maana hubadilisha alama za nukuu na kuvunja msimbo.
- Nenosiri la msimamizi wa tovuti na la paneli ya kampuni inayohifadhi tovuti yako. Ukikosa hili la pili, siku tovuti ikigoma utabaki nje ya mlango.
- Bando la GB 1 linatosha kupakua vyote hivi.

## Kwanza jua themu yako ni ya aina gani

Watu wengi hufuata maelekezo yasiyo ya themu yao, na hapo ndipo wanapokwama. Ingia kwenye dashibodi, fungua "Appearance". Ukiona "Customize" na "Widgets", hiyo ni themu ya kawaida, inayojengwa kwa faili za PHP (lugha ya msimbo inayofanya kazi kwenye seva). Ukiona "Editor" na hakuna "Widgets", hiyo ni themu ya bloki, inayojengwa kwa faili za HTML na faili moja iitwayo theme.json.

Twenty Twenty-One ndiyo themu ya mwisho ya kawaida kati ya zile zinazotolewa na WordPress wenyewe. Kuanzia Twenty Twenty-Two zote ni za bloki. Hatua zilizo hapa chini ni za themu ya kawaida. Mwenye themu ya bloki asome hatua ya 1, 2, 4 na 7, kisha sehemu ya bloki iliyo baada yake.

## Hatua ya 1: Nakala rudufu na uwanja wa mazoezi

Tengeneza nakala ya vitu viwili: folda nzima ya wp-content, na hifadhidata. Folda peke yake haitoshi, kwani makala, kurasa, menyu na mipangilio vyote vimo kwenye hifadhidata. Hifadhidata inatolewa kwa phpMyAdmin, zana ya kusimamia hifadhidata, kupitia kichupo cha "Export". Pakua vyote kwenye kompyuta yako. Nakala iliyobaki kwenye seva ileile itapotea pamoja na seva.

Kisha sakinisha XAMPP, washa Apache na MySQL, weka WordPress ndani ya C:\xampp\htdocs\mazoezi na utengeneze hifadhidata tupu kupitia localhost/phpmyadmin. Weka na uwashe themu mama, kisha ingiza kurasa tatu au nne za kweli kutoka kwenye tovuti yako, zenye vichwa vya kweli na picha za kweli. Maandishi ya kubuni hayatakuonyesha matatizo ambayo maandishi yako halisi yanayo.

Umefanikiwa ikiwa: localhost/mazoezi inafunguka, Twenty Twenty-One imewashwa, na kurasa zako zinasomeka.

## Hatua ya 2: Folda na style.css

Nenda wp-content/themes. Utaona folda twentytwentyone. Pembeni yake, siyo ndani yake, tengeneza folda iitwayo zabibu. Ndani ya zabibu weka faili style.css (CSS ni lugha ya rangi na mitindo ya ukurasa) yenye maneno haya:

```
/*
Theme Name: Zabibu
Template: twentytwentyone
Version: 1.0.0
Text Domain: zabibu
*/
```

Mstari wenye uzito ni wa Template. Hapo huandiki jina la themu linaloonekana kwenye dashibodi bali jina la folda ya mama, herufi kwa herufi. Ukiandika TwentyTwentyOne, kwenye Windows inaweza kukubali, kwa kuwa Windows haijali herufi kubwa na ndogo. Seva nyingi zinatumia Linux, nayo inajali. Ndiyo maana themu inafanya kazi vizuri nyumbani, ikifika hewani inakuambia kwamba themu mama haipo. Jambo hilohilo hutokea kwa picha: nembo.png na Nembo.PNG ni faili mbili tofauti kabisa kwenye Linux.

Tahadhari nyingine ya Windows: mfumo huficha viambishi vya faili, kwa hiyo unaweza kudhani una style.css kumbe una style.css.txt. Fungua File Explorer, nenda "View", washa "File name extensions", uhakikishe.

Umefanikiwa ikiwa: Zabibu inaonekana kwenye "Appearance", kisha "Themes". Itaonekana bila picha, na hilo ni sawa. Ukitaka picha, weka screenshot.png ya pikseli 1200 kwa 900 ndani ya folda. Usiiwashe bado.

## Hatua ya 3: functions.php

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, tuende taratibu. Twenty Twenty-One inapakia style.css ya folda ya mama tu. Ya mtoto haipakiwi mpaka uiombe. Tengeneza functions.php, faili ya maagizo ya PHP ya themu, ndani ya zabibu:

```
<?php
add_action( 'wp_enqueue_scripts', 'zabibu_mitindo' );

function zabibu_mitindo() {
    wp_enqueue_style(
        'zabibu-style',
        get_stylesheet_uri(),
        array( 'twenty-twenty-one-style' ),
        filemtime( get_stylesheet_directory() . '/style.css' )
    );
}
```

Kila mstari una kazi yake. get_stylesheet_uri() inaelekeza kwenye style.css ya themu iliyowashwa, yaani ya mtoto. Mstari wa array unasema mtindo wa mama upakiwe kwanza, wa kwako ufuate, ili palipo na mgongano wa kwako ushinde. Mstari wa filemtime unabadilisha namba ya toleo kila unapohifadhi faili, hivyo kivinjari hakiwezi kuendelea kuonyesha toleo la zamani lililo kwenye kache (nakala kilizojiwekea). Usipouweka utabadilisha rangi mara kumi bila kuona tofauti.

Jina twenty-twenty-one-style halikubuniwa. Ukitumia themu mama nyingine, litafute hivi: fungua tovuti, bonyeza Ctrl+U, tafuta mstari wenye style.css ya mama. Utaona kitu kama id='twenty-twenty-one-style-css'. Ondoa -css ya mwisho, kilichobaki ndicho jina. Ukikosea herufi moja, WordPress haitatoa onyo la wazi kwenye ukurasa; itaacha tu kupakia mtindo wako. Mtu akituambia "CSS yangu haifanyi kazi kabisa", tunaanza kukagua hapa.

Kuna themu mama zinazofanya kinyume: zinatumia get_stylesheet_uri() ndani ya functions.php yao. Ukiwasha mtoto, zinapakia style.css yako na kuiacha ya mama, na tovuti inabaki uchi, maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe. Kwa themu hizo, kazi yako ni kuiomba ya mama kwa kutumia get_template_directory_uri() . '/style.css'.

Jambo moja zaidi la kuweka kwenye faili hii. Tovuti nyingi za Kiswahili zinajitambulisha kwa vivinjari kama za Kiingereza, kwa sababu WordPress ilisakinishwa kwa Kiingereza. Matokeo yake, programu zinazowasomea wasioona hutamka Kiswahili kwa lafudhi isiyoeleweka. Ongeza:

```
add_filter( 'language_attributes', function ( $sifa ) {
    return is_admin() ? $sifa : 'lang="sw"';
} );
```

Functions.php ya mtoto haichukui nafasi ya ile ya mama. Zote mbili hupakiwa, ya mtoto kwanza. Kwa hiyo usinakili functions.php yote ya mama ndani ya mtoto. Ukifanya hivyo, kazi (functions) zilezile zitatangazwa mara mbili na tovuti inaweza kuanguka.

## Hatua ya 4: Kuwasha, na vitu vitakavyohama

Kabla ya kubofya "Activate", fungua "Customize" ya themu mama, nenda "Additional CSS", nakili kila kilichomo na ukihifadhi pembeni. CSS hiyo huhifadhiwa kwa jina la themu, na ukibadilisha themu haiji nayo, kwa hiyo ukishawasha mtoto ibandike upya. Nembo na maeneo ya menyu pia huenda ukalazimika kuyaweka upya. Havijafutwa, ukirudi kwa mama utavikuta.

Umefanikiwa ikiwa: tovuti inafanana na ilivyokuwa jana. Kufanana ndiko tunakotafuta hapa, kwa sababu bado hujabadilisha kitu.

## Hatua ya 5: Rangi na maandishi

Twenty Twenty-One imehifadhi rangi na ukubwa wake kama vigeu (majina yanayobeba thamani) mwanzoni mwa style.css. Huna haja ya kuwinda kila kipande. Badilisha kigeu kimoja, sehemu zote zinazokitumia zinafuata. Chini ya kichwa cha style.css yako ongeza:

```
:root {
  --global--color-background: #fbf7f2;
  --global--color-primary: #4a1230;
  --global--color-secondary: #4a1230;
  --global--font-size-xxl: clamp(1.75rem, 6vw, 3rem);
}

h1, h2, h3, .entry-title {
  overflow-wrap: break-word;
}
```

Primary ni rangi ya maandishi ya kawaida, secondary ni ya vichwa. Rangi ya zambarau iliyokolea juu ya nyeupe ya maziwa inatoa utofauti unaozidi 13 kwa 1. Kiwango cha chini kinachokubalika kimataifa kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1. Kijivu #999999 juu ya nyeupe, ambacho wabunifu wengi wanakipenda kwa kuwa kinapendeza kwenye kompyuta ya ofisini, kina 2.85 tu. Mpe mtu simu yenye maandishi hayo pale stendi ya Nanenane saa saba mchana, na jua la Dodoma, uone kama ataisoma bei. Hatasoma. Atafunga ukurasa.

Mstari wa clamp unahitaji maelezo, maana ni tatizo letu zaidi kuliko la wanaoandika Kiingereza. Kitenzi cha Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani yake: "wanaoshughulikia" ni neno moja la herufi 16. Kwa ukubwa wa pikseli 64 linahitaji upana wa pikseli 500 hivi, na simu nyingi zina upana wa pikseli 360 au karibu na hapo. Neno halina pa kukatika, basi linasukuma ukurasa wote na msomaji analazimika kuuburuta kushoto na kulia. Themu nyingi zimejaribiwa kwa vichwa vya maneno mafupi, hivyo kasoro hii haionekani kwenye picha za matangazo yao. Clamp inasema: usishuke chini ya 1.75rem, usipande juu ya 3rem, na katikati ya hapo fuata upana wa skrini. overflow-wrap ni kinga ya mwisho, inayolikata neno pale tu linapokosa nafasi kabisa.

Menyu nazo zipunguzwe kwa maneno, siyo kwa ukubwa wa herufi. "Bei" inatosha mahali pa "Orodha ya Bei za Bidhaa Zetu".

Kama mandharinyuma haibadiliki, kagua "Customize", sehemu ya rangi. Rangi iliyochaguliwa pale inaweza kuishinda ya kwako. Chagua njia moja, usichanganye.

## Hatua ya 6: Kubadilisha kiolezo

CSS hubadilisha sura. Maneno na mpangilio hukaa kwenye violezo. Tuseme unataka kuondoa maandishi ya Kiingereza yaliyo chini kabisa ya kila ukurasa. Nakili footer.php kutoka twentytwentyone kwenda zabibu, kisha hariri nakala. WordPress hutafuta kiolezo kwa mtoto kwanza. Kisipopatikana inakwenda kwa mama. Njia ya folda lazima ilingane: faili iliyo ndani ya template-parts kwa mama iwe ndani ya template-parts kwa mtoto.

Tafuta div yenye class="powered-by" na ubadilishe kilicho ndani yake:

```
<div class="powered-by">
  &copy; <?php echo esc_html( wp_date( 'Y' ) ); ?>
  <?php bloginfo( 'name' ); ?>
</div>
```

Mwaka utajibadilisha wenyewe kila Januari. Usiguse mstari wenye wp_footer() ulio karibu na mwisho. Ukiufuta, fomu na vitufe vya programu-jalizi (plugins) nyingi vinakufa bila kelele.

Nakili faili zile tu unazobadilisha. Ukinakili 20 "kwa tahadhari", umejinyima marekebisho ya mama kwenye faili hizo zote 20.

## Hatua ya 7: Kupima, kisha kupeleka hewani

Kwenye Firefox bonyeza Ctrl+Shift+M, weka upana 360, kisha 320. Pitia kila ukurasa. Hakuna unaopaswa kuburutwa kushoto na kulia.

Pima picha pia. Picha ya shamba iliyotoka moja kwa moja kwenye simu inaweza kuwa MB 4. Ipunguze hadi upana wa pikseli 1200 na uihifadhi kama WebP, ambayo WordPress inaipokea tangu toleo la 5.8. Lenga chini ya KB 150. Hilo ni bando la mteja wako.

Sasa bana folda ya zabibu iwe zabibu.zip. Fungua zip uhakikishe ndani mna zabibu, na ndani ya zabibu mna style.css moja kwa moja. Kukiwa na zabibu ndani ya zabibu, WordPress itakataa ikisema style.css haipo.

Kwenye tovuti ya kweli, hakikisha Twenty Twenty-One ipo, kisha fungua "Themes", bofya kitufe cha kuongeza themu, na uchague "Upload Theme". Tumia zip badala ya kupakia faili moja moja: umeme ukikatika katikati, functions.php iliyofika nusu huangusha tovuti yote, wakati zip iliyofika nusu haisakinishwi. Bofya "Live Preview" kwanza, angalia, ndipo uwashe. Fanya hivyo saa za watu wachache, mathalani saa nne usiku.

Siku ukiwa na mabadiliko, ongeza namba ya Version kwenye style.css iwe 1.0.1 na upakie zip mpya vilevile. WordPress itakuonyesha matoleo yote mawili na kukuuliza kama uibadilishe ya zamani. Zip ya zamani usiitupe.

## Kwa wenye themu ya bloki

Folda na style.css ni vilevile, isipokuwa Template iwe jina la folda ya mama yako. Rangi zinakaa kwenye theme.json, na hapa kuna mitego miwili.

Wa kwanza: orodha ya rangi ya mtoto haiongezwi juu ya ya mama, inachukua nafasi yake yote. Ukiandika rangi moja tu, zile nyingine zinapotea na sehemu za ukurasa zinabaki bila rangi. Nakili orodha kamili ya palette kutoka theme.json ya mama, usibadilishe slug (jina la ndani la rangi) hata moja, badilisha namba za rangi peke yake.

Wa pili unatesa zaidi. Chochote ulichohifadhi kupitia "Editor" kinaingia kwenye hifadhidata, na hifadhidata inazishinda faili. Unaweza kuhariri templates/single.html mchana kutwa usione badiliko. Nenda kwenye orodha ya violezo ndani ya "Editor", bofya nukta tatu za kiolezo husika, chagua "Reset". Nakili kwanza kilichomo kama bado unakihitaji.

## Skrini ikiwa nyeupe

Karibu kila mara chanzo ni functions.php: nukta mkato iliyosahaulika, bano lisilofungwa, au nukuu zilizopinda zilizonakiliwa kutoka WhatsApp. Ukiona onyo la "headers already sent", kuna nafasi au herufi isiyoonekana kabla ya <?php. Hifadhi faili upya kama UTF-8 isiyo na BOM (herufi hiyo isiyoonekana). Notepad++ ina chaguo hilo kwenye "Encoding".

Tangu toleo la 5.2, WordPress hutuma barua pepe yenye kiungo cha kuingilia kwa dharura kwenye anwani ya msimamizi. Hakikisha anwani hiyo ni ya mtu anayeisoma, siyo ya fundi aliyeondoka. Barua isipofika, ingia kwenye paneli ya seva, fungua "File Manager", nenda wp-content/themes/zabibu, na uipe functions.php jina functions-mbovu.php. Tovuti itarudi, ingawa bila mitindo yako, nawe utatafuta kosa kwa utulivu.

Kulitafuta, kwenye kompyuta yako fungua wp-config.php na, juu ya mstari unaosema uache kuhariri, weka hivi (WP_DEBUG ikiwa tayari imo, badilisha thamani yake):

```
define( 'WP_DEBUG', true );
define( 'WP_DEBUG_LOG', true );
define( 'WP_DEBUG_DISPLAY', false );
```

Kosa litaandikwa ndani ya wp-content/debug.log, likitaja faili na namba ya mstari. Anza na mstari huo, kisha ulio juu yake: nukta mkato inayokosekana mstari wa 11 mara nyingi huripotiwa kwenye mstari wa 12. Ukilazimika kufanya hivi hewani, zima ukimaliza na ufute debug.log, kwa kuwa faili hiyo inaweza kusomwa na yeyote anayejua anwani yake.

## Themu mama inaposasishwa

Sasisha bila hofu, lakini kwenye XAMPP kwanza. Kisha linganisha kila kiolezo ulichonakili na toleo jipya la mama. Notepad++ ina programu-jalizi ya Compare, na Visual Studio Code inalinganisha faili mbili ukizichagua pamoja na kubofya kulia. Mama akiwa amerekebisha kitu ndani ya footer.php, hamishia rekebisho hilo kwenye nakala yako, pandisha namba ya toleo, bana zip mpya, pakia.